Maswali ya wasomaji: Kutoka Pemba mpaka Himalaya, tuanzie wapi?

Assalaam alaykum wasomaji wetu. Safari hii barua karibu zote ni za milimani, watu wameshaanza kupiga hesabu za msimu wa Nepal, basi za baharini nimeziweka toleo lijalo na leo tunazungumza Himalaya tu.

SUALI: Mie na wenzangu wanne ni walimu wa skuli hapa Wete. Tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku tano, watatu tukafika kilele cha Uhuru, wawili wakaishia Gilman's, chini yake kidogo, kichwa kinawauma vibaya. Sasa tunaweka pesa twende Nepal tufike kambi ya chini ya Everest halafu tupande Island Peak, mlima wa karibu na hapo. Kuna kampuni tumeiona mtandaoni imetupa ratiba ya siku 12 kwa yote hayo, kutoka Kathmandu mpaka kurudi Kathmandu, na bei yake ni rahisi kuliko wengine. Jee, tulipe? Na likizo yetu ni Juni au Disemba. *Mwalimu, Wete*

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu, na hongereni kwa Kilimanjaro. Msilipe. Kampuni yenyewe siijui na siisemi kwa ubaya, ila siku 12 hazitoshi, na yeyote anaekuuzia Island Peak kwa siku 12 kutoka Kathmandu anakuuzia maradhi.

Tuhesabu pamoja. Mnaruka kwa ndege ndogo mpaka Lukla, mita 2,860, siku hiyohiyo mnateremka kidogo kulala Phakding. Kesho yake Namche Bazaar, mita 3,440, na hapo lazima mlale usiku wa pili, mchana mnapanda mpaka kama mita 3,880 kuuzowesha mwili halafu mnarudi kulala chini. Halafu Tengboche, halafu Dingboche mita 4,410, na hapo tena usiku wa pili. Halafu Lobuche, karibu mita 4,940, halafu Gorak Shep mita 5,164, na mchana wake ndo mnakwenda kambi yenyewe, mita 5,364. Hapo mshatumia siku nane na bado hamjageuka kurudi, kurudi Lukla ni siku tatu na ya nne ni ndege. Basi siku 12 zimekwisha na Island Peak hamjaigusa. Kuitia Island Peak ndani mnahitaji kupita Chhukung, mita 4,730, mlale kambi yake kwenye mita 5,100 hivi, mfundishwe kamba, mpande usiku wa manane mpaka kileleni, zaidi ya mita 6,100, na muwe na siku moja ya akiba hali ya hewa ikichafuka. Tena wekeni siku mbili tatu za akiba kwa ajili ya Lukla, kwani uwanja ule njia yake ya kurukia haifiki hata mita 550 na imeinama mlimani, wingu likishuka hakuna ndege inayotua wala kuondoka. Na msimu wa watu wengi ndege nyingi haziruki Kathmandu, zinaruka Ramechhap ambako mnakwenda kwa gari saa nne au tano, mnaondoka hotelini usiku. Kwa hiyo ratiba ya kweli ni siku 18 mpaka 20. Anaekupa 12 zile siku za kupumzika Namche na Dingboche amezifuta, na hizo ndo roho ya safari.

Na hao wenzenu wawili walioishia Gilman's ndo nnaowafikiria zaidi. Marangu ya siku tano, Kibo, kambi ya mwisho, mnalala nusu usiku tu, mita 4,720, mnapanda, mnashuka, kesho mko Moshi mnakunywa chai. Ukiumwa, dawa yake iko karibu, unateremka tu. Kule Khumbu, upande wa Everest, kwenye urefu wa Kibo au zaidi mtalala usiku baada ya usiku, na njia ya kushuka ni ndefu. Hewa ya juu ina oksijeni asilimia ileile 21 kama ya Wete, kinachopungua ni mgandamizo wake, ukifika mita 5,500 kila pumzi unapata kama nusu ya unachopata ufukweni. Mwili unajua kujirekebisha, unaongeza kasi ya kupumua, figo zinafanya kazi yake, damu inaongeza chembe nyekundu taratibu, lakini unataka siku. Ni kama karafuu kwenye jamvi, hata uwe na haraka vipi jua lake ni lazima ilipate.

Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000 usipandishe mahala pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu nne uweke siku moja ya kutopanda. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija hupandi tena mpaka kiondoke. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, akachanganya maneno, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa na kifua kinakoroma, huyo anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama analia hataki, kwa sababu hapo maji yameshaingia ubongoni au mapafuni na asubuhi inaweza kumkuta amekufa. Dawa ya Diamox inasaidia mwili kuzoea, kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, khasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Na pale Pheriche, karibu na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association iliyoanza 1973, msimu ukiwa umefunguka madaktari wa kujitolea wanatoa darasa la ugonjwa wa mlimani bure, mwambieni mwongozaji wenu mnataka kuhudhuria.

Sasa likizo. Juni iacheni kabisa, ndo masika yao, mvua inaanza Juni mpaka Septemba, njia matope na ruba, milima haionekani na ndege za Lukla zinalala. Misimu mizuri ni Oktoba na Novemba, na Machi mpaka Mei. Disemba mwanzoni mbingu ni safi sana na njia hazina msongamano, ila baridi ya usiku Gorak Shep inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na watu wa kwetu hatujaizoea. Nnachowashauri, mwaka wa kwanza nendeni Disemba mwanzoni kambi ya chini tu, kwa siku 14 au 15 pamoja na akiba, Island Peak muiwekee mwaka mtakaopata ruhusa ya Oktoba. Kwani Island Peak si kutembea. Kuna barafu ya kupita mmefungana kamba, mipasuko inayovukwa kwa ngazi, na mwisho ukuta wa barafu unaopandwa kwa kifaa cha kushika kamba na meno ya chuma chini ya buti. Marangu haikufundisheni hata kimoja katika hivyo.

Mazoezi, Masingini yetu huku Unguja haifiki hata mita 150, na Pemba mna vilima lakini vifupi, basi urefu hamtoupata nyumbani, mtapata miguu na pumzi. Begi la kilo kumi mgongoni, vilima vya njia ya Wete na Chake kupanda na kushuka, mchanga wa Vumawimbi, siku tatu au nne kwa wiki kwa miezi mitano. Halafu kama miezi miwili kabla nendeni Meru, mita 4,566, ni mlima mzuri kuliko watu wanavyoudhani na kwa Mtanzania ada yake si ya kumtoa mtu jasho.

Kuhusu kampuni, msianze kuuliza bei. Ulizeni imesajiliwa Idara ya Utalii ya Nepal? Ni mwanachama wa TAAN, chama cha kampuni za safari za milimani? Mwongozaji wetu jina lake nani, ana leseni, na wa kupanda Island Peak ana cheti cha chama cha milima cha Nepal? Tangu Aprili 2023 serikali yao imetaka wageni watembee na mwongozaji mwenye leseni, hata pale ambapo njia inaonekana nyepesi. Halafu suali ambalo mie naliona kubwa kuliko yote: wapagazi mnawalipa vipi, wamekatiwa bima, wanapewa nguo za baridi, wanabeba kilo ngapi? Shirika la kutetea wapagazi, IPPG, limesema isizidi kilo 30 kwa Nepal, na kwetu Kilimanjaro ni 20. Kampuni ikikwepa suali hilo ifuteni kwenye orodha. Aprili 18, 2014 maporomoko ya barafu ya Khumbu yaliua wafanyakazi 16 wa Kinepali kwa siku moja, wote walikuwa wanatayarisha njia kwa ajili ya wageni. Sie tunatoka nchi ya wapagazi, ndugu zetu wa Marangu na Machame wanabeba kila siku, itakuwa aibu tukienda nchi ya watu tukanunua bei rahisi iliyotolewa mgongoni kwa mtu.

SUALI: Kwa jumla inafika pesa ngapi, na bima ni lazima kweli au ni biashara tu? *Kijana wa Kikwajuni*

JIBU: Safari ya kambi ya chini ya Everest, kwa kampuni nyingi za Kathmandu, inacheza kati ya dola 1,200 na 2,000 kwa mtu, ndani yake ndege ya Lukla, mwongozaji, mpagazi, vibali, malazi na mara nyingi chakula. Muulize kwa maandishi nini kimo na nini hakimo. Juu ya hapo kuna tiketi ya kutoka huku kupitia Doha au Dubai, viza ya kufikia uwanjani ni dola 30 kwa siku 15 na 50 kwa siku 30 (kwako weye ni ya 50), bahashishi ambayo kule ni desturi kama asilimia kumi mpaka kumi na tano ya bei ya safari, na pesa za mfukoni kwa maji ya moto, kuchaji simu na intaneti, ambavyo vinapanda bei kila unapopanda mlima kwani kila kitu kimebebwa na mtu au na mnyama. Beba rupia taslimu za kutosha kutoka Kathmandu, usitegemee mashine za benki za Namche. Na usilipe pesa zote mwanzo, arubuni kwanza, iliyobaki ukishafika Kathmandu ukamuona mwongozaji kwa macho yako.

Ukiona pesa hazitoshi usikate siku, badilisha mlima. Nenda kambi ya chini ya Annapurna, mita 4,130 tu, huna haja ya ndege ya Lukla, unakwenda Pokhara kwa basi, na uzuri wake haupungui kwa Everest hata chembe. Utapita chini ya Machhapuchhre, mita 6,993, mlima ambao Wanepali wanauheshimu kiibada na hauruhusiwi kupandwa.

Bima ni lazima, wallahi. Sie wenyewe tangu Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanalipa dola 44 za bima, basi tusione ajabu. Lakini soma maandishi madogo, bima nyingi za safari zinaishia mita 3,000 au 4,000, na weye unataka inayokulinda mpaka mita 6,000 na iseme wazi kwamba inalipa helikopta, kwani helikopta moja ni maelfu ya dola na bila ya dhamana haiji. Tena ujue kuna utapeli, mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza kampuni zilizokuwa zinawapandisha wageni helikopta bila ya sababu ili zigawane pesa za bima. Ukiumwa kichwa kidogo na mtu anakuharakisha kwenye helikopta badala ya kukuteremsha kwa miguu, piga simu kampuni yako ya bima mwenyewe kwanza. Ila zile dalili nilizomwambia mwalimu wa Wete zikitokea usibishane na mtu, shuka.

SUALI: Binti yangu ana miaka 24, anataka kwenda na wenzake wa kike wawili. Baba yake hataki. Mie nna khofu ya chakula, ya sala, na ya kulala na watu asiowajua. *Mama wa Jang'ombe*

JIBU: Shikamoo mama. Khofu yako ni ya haki na nitaijibu moja moja, pengine na mzee akisoma atatulia.

Wakiwa watatu watapata chumba chao wenyewe, nyumba za wageni za njiani zina vyumba vidogo vya mbao vya vitanda viwili au vitatu, wakienda msimu wa watu wengi kampuni iwawekee mapema. Na wanaweza kuomba mwongozaji wa kike, Pokhara kuna kampuni inaitwa 3 Sisters Adventure Trekking iliyoanzishwa na ndugu watatu wa kike na wanafundisha wanawake kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Kwa safari ya mwanzo ya wasichana watatu ningewapeleka Annapurna na mwongozaji mwanamke, na mpagazi mwanamke pia wakitaka.

Chakula, waambie nyama wasahau mpaka warudi mjini. Si kwa halali tu, njia ya Everest kwa mfano hawachinji huko juu, nyama inapandishwa kwa mgongo siku kadhaa bila ya friji. Wale dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, na ukimaliza unaongezewa bila ya kulipa, mayai, viazi, chapati. Watie kwenye begi tende, kashata na halua, mwili kwenye baridi unakula nguvu nyingi na juu huko hamu ya chakula inakufa, kitu kitamu kidogo mfukoni kinamsukuma mtu. Kathmandu yenyewe karibu na Ghantaghar kuna misikiti miwili mikubwa na hoteli za Waislamu jirani, chakula chao utakipenda hata weye.

Sala, kibla chetu huku ni kaskazini, kule ni magharibi takriban moja kwa moja, dira ndogo inatosha. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na dakika 45. Maji asubuhi yanakuwa barafu, na mambo ya tayamamu, kupangusa juu ya soksi za ngozi, kupunguza na kukusanya sala, akae na sheikh wake kabla hajaondoka amfahamishe vizuri, si mambo ya kuulizana njiani. Nguo za mlimani zinafunika mwili wote, hijabu chini ya kofia ya sufu inampa joto zaidi, hapo hana tabu yoyote. Na mzee mwambie yuko binti wa Kitanzania, Rawan Dakik wa Arusha, aliefika kilele cha Everest mwaka 2021, na huyu wetu anaomba kutembea bondeni tu.

SUALI: Mdogo wangu ana selimundu. Mie nlipopimwa nliambiwa nnabeba tu, siumwi. Naweza kwenda? *Chake Chake*

JIBU: Umefanya vizuri sana kuuliza, wengi wa pwani yetu wanabeba na hawajijui. Mdogo wako asipande milima mirefu, oksijeni ikipungua ndo chembe zake zinapojikunja, ni khatari ya kweli. Weye unaebeba tu, wengi kama weye wanapanda salama, lakini wachache hupatwa na tatizo la bandama wakiwa juu. Kaa na daktari kabla, onesha majibu ya kipimo, mwambie mwongozaji wako, kunywa maji mengi, panda taratibu kuliko wenzako, na ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto usiyafanye gesi, shuka siku hiyohiyo. Na kila kundi linalopanga kwenda, pimeni wote kabla hamjakata tiketi.

SUALI: Mzanzibari anaweza kupanda Everest yenyewe mpaka juu? *Nungwi*

JIBU: Anaweza. Mtanzania Wilfred Moshi alifika Mei 2012, na jirani yetu Mkenya James Kagambi Mei 2022. Lakini kibali peke yake sasa ni dola 15,000 kwa msimu wa Machi mpaka Mei, kilipandishwa Septemba 2025 kutoka 11,000, na safari nzima kwa kampuni inayojali watu ni dola 40,000 na kwenda juu. Anza na kutembea, halafu mita 6,000, halafu 7,000, uone mwili wako unasemaje. Na Mei 2024 Mkenya mwengine, Cheruiyot Kirui, alifariki karibu na kilele alipojaribu bila ya oksijeni, na Mnepali aliekuwa nae, Nawang Sherpa, pia hakurudi. Mungu awapumzishe. Wafikirie wote wawili kabla hujaamua.

SUALI: Nna buti za mlima nilizopewa na mgeni zamani, zimekaa kabatini mpya kabisa. Nizitumie? *Mkoani*

JIBU: Zijaribu kwanza nyumbani, tena kwa nguvu. Soli nyingi za buti hizi zina tabaka la povu ambalo unyevu unalila polepole hata kama hukuzivaa, na hewa yetu ya unyevu na joto ndo inaharakisha. Buti linaonekana zima, unavaa siku ya pili njiani soli yote inaachia kama keki. Ikunje, ibonyeze ubavuni mwa soli kwa kidole gumba, ukiona nyufa ndogo au unga zitupe. Zikiwa nzima, zivae kila siku kwenye mazoezi wiki kadhaa. Jaketi na slipingi begi usinunue huku, utakodi Thamel pale Kathmandu kwa bei ndogo, ila buti njoo nazo za kwako, na kwenye ndege zivae miguuni usizitie kwenye mzigo, kwani begi likipotea njiani vyote vyengine utapata Thamel lakini buti lililokwisha kuuzoea mguu wako hulipati.